Majani mabichi au nyavu za chuma: sokwe wa bustanini anahitaji nini hasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Ujerumani na wanangu wawili. Likizo iliyopita tulitembelea bustani mbili za wanyama. Ya kwanza ilikuwa na gorila kwenye uwanja wa majani mabichi, miamba na maporomoko ya maji, na hakuna nondo ya chuma hata moja iliyoonekana. Ya pili ilikuwa na sokwe ndani ya kizimba kirefu cha nyavu. Mle ndani kulikuwa na nguzo, mipira ya zimamoto iliyosukwa, matangi ya plastiki ya bluu na majani makavu yaliyotapakaa kila mahali. Mwanangu mdogo alilia, akasema hawa wamefungwa jela. Na mimi moyo uliniuma. Kwa nini serikali haizilazimishi bustani zote zijenge kama ile ya kwanza? Rehema, Hannover.

JIBU: Marahaba, Rehema. Machozi ya mtoto wako yana haki yake, usiyafute kwa kumwambia kwamba hajui kitu. Lakini kwa vile umeangalia kwa makini, hadi rangi ya matangi, naweza kukujibu bila kuzunguka. Ningekuwa sokwe nikaambiwa nichague pa kuishi, ningeomba kile kizimba cha nyavu kilichomliza mwanao.

Kabla sijaeleza kwa nini, tupatane majina. Sokwe ni yule wa Gombe na Mahale. Gorila ni wa Virunga na Bwindi, na wa misitu ya Kongo hadi Gabon. Bonobo anapatikana kusini mwa Mto Kongo tu, na orangutani ni wa Sumatra na Borneo. Nikisema "jamii ya sokwe" nawakusanya wote wanne. Wote wako hatarini kutoweka, na kila mmoja anautumia msitu kwa namna yake. Hilo la mwisho ulishike, tutalirudia.

Mwanzoni kabisa bustani za Ulaya na Marekani hazikuwa na mtindo wa msitu wala wa nyavu. Zilikuwa na vigae. Wanyama hawa walipofikishwa huko walikufa haraka, wengi wakiwa bado wachanga, kwa kifua kikuu na nimonia walizoambukizwa na watu. Dawa ikaonekana kuwa usafi: kuta za kuoshwa kwa mpira wa maji, sakafu yenye mfereji, na kioo cha kuzuia pumzi za wageni. Mwaka 1933 bustani ya London ilifungua nyumba ya duara ya zege, kazi ya msanifu Berthold Lubetkin na wenzake wa Tecton, kwa ajili ya gorila wawili walioitwa Mok na Moina. Nusu ya duara ilifunguka kiangazi na kufungwa wakati wa baridi kwa kuta za kuteleza. Wasanifu majengo wanaisifu mpaka leo, na Uingereza inailinda kama urithi wa taifa. Gorila hawamo tena.

Zege lile likatapakaa duniani. Mfano unaoniuma zaidi ni wa Atlanta, Marekani. Gorila dume aliyepewa jina la Willie B. aliletwa pale mwaka 1961, akaishi miaka 27 ndani ya chumba, peke yake, akiwa na tairi la kubembea na televisheni. Miaka 27, Rehema. Mwaka 1988, chini ya mkurugenzi mpya Terry Maple, alifunguliwa mlango wa kutokea kwenye uga wenye udongo na majani. Baadaye akaishi na majike, na mwaka 1994 akapata mtoto wa kwanza. Alikufa mwaka 2000 akiwa baba wa familia. Kwa hiyo ninapokosoa majani mabichi usidhani nautetea ule ukuta wa vigae. Waliopigania udongo na anga kwa ajili ya wanyama hawa walikuwa upande wa haki.

Waliopigania kwa nguvu kuliko wote walikuwa Seattle, kwenye bustani ya Woodland Park. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mkurugenzi David Hancocks na ofisi ya wasanifu wa mandhari ya Jones & Jones waliwajengea gorila uga usiofanana na kitu chochote kilichokuwapo. Vizuizi vilifichwa. Mimea ileile iliyomzunguka gorila ilimzunguka na mgeni pia, hata mtu ajione ameingia kwake na si kwamba gorila ameletwa kwake. Mnyama aliwekwa usawa wa macho ya mgeni au juu zaidi, ili asitazamwe kama kitu kilicho shimoni. Kulikuwa na heshima kubwa ndani ya wazo lile, na gorila wa Seattle walifaidika kweli, maana walipata miti halisi, vichaka halisi na mahali pa kujificha.

Tatizo lilianza wazo lilipoigwa. Bustani nyingi zilichukua sura ya Seattle zikaacha kiini chake. Sura inauzika kwa urahisi: mwamba wa saruji uliopakwa rangi, mti wa saruji, maporomoko ya maji, nyasi. Mti wa saruji haupindi ukishikwa. Tawi halisi hupinda, hutikisika na kulia, wakati mwingine hukatika, na ni lazima mwili na akili vifanye hesabu pamoja. Orangutani akitaka kuvuka pengo huuyumbisha mti wake mpaka aufikie wa pili. Kwenye saruji hesabu hiyo haipo. Anapanda leo na kesho na mwakani kwa njia ileile, kisha anaacha kupanda.

Na ile miti halisi unayoiona ikipendeza, mara nyingi mnyama haigusi. Sokwe waachie mti hai kwenye uga mdogo, watauchuna magome na kuumaliza majani kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo miti huzungushiwa nyaya za umeme. Bustani ya Burgers huko Arnhem, Uholanzi, ilipoanzisha kundi kubwa la sokwe kwenye kisiwa mwaka 1971, miti hai ililindwa namna hiyo. Frans de Waal, aliyewachunguza kwa miaka, ameeleza jinsi walivyoegemeza matawi makavu kama ngazi, mmoja akashikilia na mwingine akapanda juu ya umeme kwenda kula majani. Habari hiyo huwachekesha wengi. Mimi huniambia jinsi walivyokuwa na njaa ya majani yale.

Niliwahi kutunza sokwe kwenye bustani moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Uga wao ulikuwa kilima cha nyasi chenye kijito, na wageni walipiga picha siku nzima. Sokwe walikaa mlangoni. Si kwenye kilima wala kijitoni. Walikaa kwenye mlango wa chuma tuliopitishia chakula, migongo imeegemea ukuta, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nyasi hazikuwa na chakula wala kivuli, na hazikuwa na pa kupanda. Sokwe haishi malishoni kama ng'ombe, na uwanja wazi unamtia wasiwasi. Niliomba tufunge kamba tatu nene za meli kati ya magogo, na tuwe tunamwaga majani makavu kila asubuhi. Nikajibiwa kwamba kamba zitaharibu mandhari. Jibu lile sijalisahau, kwa sababu aliyelitoa aliwapenda wanyama kwa dhati. Ila alikuwa akiuangalia uga kwa macho ya mgeni.

Wenzangu wa Chicago waliiweka hali hii kwenye hesabu. Kwenye bustani ya Lincoln Park, marehemu Steve Ross na wenzake waliandika kwa muda mrefu kila gorila na sokwe alipokaa ndani ya makazi mapya yaliyofunguliwa mwaka 2004. Wanyama hawakujigawa sawasawa kwenye eneo lote. Walipendelea pembe, kuta za wavu na sehemu za karibu na milango, na waliepuka sehemu za katikati zilizo wazi. Mchoraji wa ramani huanza na uwanja, akafikiria kingo baadaye. Mnyama anaishi kwenye kingo.

Heini Hediger wa Uswisi, aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, alilisema hili tangu miaka ya 1940. Alifundisha kwamba eneo la mnyama halipimwi kwa mita za mraba peke yake. Ni mtandao wa mahali: pa kulala, pa kula, pa kunywa, pa kujikuna, pa kuangalia hatari, na njia za kuviunganisha. Ukimpa ekari tano zisizo na mahali hapo, umempa uwanja mtupu. Ukimpa nusu ekari yenye mahali hapo pote, kwa juu na kwa chini, amepata pa kuishi.

Sasa turudi kwenye kizimba kilichomliza mwanao, tukisome upya.

Zile nyavu zilizofunika hadi juu ni ngazi. Kila sentimita ya ukuta na dari inapandika. Uga wa wazi, uliozungushiwa handaki badala ya wavu, hauna kuta za kupanda, na vitu virefu haviwezi kuwekwa karibu na ukingo kwa hofu ya kutoroka, kwa hiyo hewa yote ya juu inapotea. Kizimba cha mita nane kwenda juu kinatumika mita zote nane. Mipira ya zimamoto iliyosukwa ni matawi yanayopinda. Haiozi na haikati vidole, na inahimili mnyama mzima anaporuka. Matangi ya bluu ni ngoma. Dume la sokwe porini hupiga mizizi bapa ya miti mikubwa kwa mikono na miguu, mlio usikike mbali. Kwenye zege hana cha kupiga, lakini tangi la plastiki linampa sauti yake. Na yale majani makavu uliyoyaona kama uchafu ndiyo chakula cha siku nzima. Mtunzaji hutawanya mbegu, zabibu kavu na karanga ndani yake asubuhi, na mnyama anatafuta moja moja mpaka mchana, kama anavyotafuta msituni.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya msitu ambayo macho yetu hayaioni. Sokwe porini hutumia karibu nusu ya siku akitafuta chakula na kula. Gorila hutafuna majani na mashina kwa saa nyingi. Bustanini akipewa sahani mbili kwa siku anamaliza kwa dakika chache, halafu anabaki na saa kumi za mchana zisizo na kazi. Matokeo yake tunayajua vizuri mno. Kuna gorila wanaotapika chakula na kukila tena, mara nyingi kwa siku. Kuna sokwe wanaojing'oa manyoya mpaka ngozi inabaki wazi. Na maradhi ya moyo yanaongoza kuwaua madume ya gorila waliokomaa bustanini, na lishe inatajwa miongoni mwa sababu. Maporomoko ya maji hayatibu hata moja kati ya hayo. Matawi mabichi ya kutafuna yanayoletwa kwa toroli kila asubuhi yanasaidia.

Mtu aliyelithibitisha hili kwa ukaidi alikuwa John Aspinall, tajiri wa nyumba za kamari wa Uingereza, aliyefuga wanyama kwenye shamba lake la Howletts huko Kent. Hakuwa mwanasayansi, na mambo yake mengi siyaungi mkono. Lakini vizimba vyake vya gorila vilikuwa vya chuma kitupu, vyenye dari ya nyavu, kamba na mabembea, na chini majani makavu ya kina kirefu kiasi cha mtoto wa gorila kuzama. Chakula kilikuwa cha aina nyingi ajabu na kilitawanywa. Wataalamu wengi waliokwenda kutazama waliona ubaya wa sura. Gorila wenyewe walijibu kwa njia yao: mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 1975, na tangu hapo wamezaliwa zaidi ya 100 kwenye mashamba yake. Baadhi walipelekwa hadi nyanda za Batéké, Gabon na Kongo-Brazzaville, kurudishwa porini. Sijaona uga wa maporomoko ya maji wenye rekodi ya kufikia hiyo.

Kwa orangutani hoja ni kimo. Kule Sumatra anaweza kukaa siku nyingi bila kugusa ardhi. Kumpa uwanja wa nyasi ni sawa na kumpa samaki ufukwe. Bustani ya taifa ya Marekani, Washington, ilielewa hilo mwaka 1995 ikasimamisha minara ya chuma ya mita kama 15, ikaiunganisha kwa nyaya. Orangutani wanapita juu ya vichwa vya wageni kutoka jengo moja kwenda jingine, kwa hiari yao na kwa saa waitakayo. Minara ile inafanana na nguzo za umeme wa gridi, haina jani hata moja. Lakini ukimwona jike amembeba mtoto, ananing'inia kwa mkono mmoja huku akipima aende au arudi, ndipo unajua msitu umefika Washington. Wajapani walifanya vivyo hivyo kwa sokwe huko Inuyama, kwenye taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Kyoto: minara ya mita 15, kamba katikati, na sokwe wanakaa juu kabisa kama walivyo kwao.

Ubishi huu kati ya sura na kazi una umri kama wa ule uga wa Seattle. Miaka ya 1970, Hal Markowitz wa Portland aliwatengenezea giboni, jamaa wadogo wa sokwe kutoka Asia, mitambo ya kuvuta ili wapate chakula kwa jasho lao, na watu wa upande wa Hancocks wakamlaumu kwamba anawageuza wanyama kuwa wafanyakazi wa mashine. Walikuwa na hoja, naye alikuwa na hoja. Mimi naona jibu zuri lilipatikana kwenye kichuguu. Mtafiti Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, aliwaona sokwe wakichomeka vijiti kwenye vichuguu kuvua mchwa. Leo bustani nyingi zina kichuguu cha saruji chenye matundu, na ndani yake kuna asali, haradali au uji. Sokwe anachagua kijiti, anakichonga kwa meno, anavua, anakosa, anarudia. Mtoto wake anakaa pembeni akitazama, baadaye anajaribu na kuharibu. Ukiangalia kwa mbali ni mandhari ya Kigoma. Ukiangalia kwa karibu ni mtambo. Vyote viwili ni kweli, na mnyama ana kazi.

Kuna chumba kimoja ambacho hukuonyeshwa katika bustani yoyote kati ya hizo mbili, na hapo ndipo ningependa hasira yako ielekee. Ni chumba cha kulala. Uga wa maporomoko ya maji unafunguliwa pengine saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ujerumani kuanzia Novemba mpaka Machi kuna siku nyingi ambazo gorila hatoki kabisa. Piga hesabu ya mwaka mzima: mnyama anaishi zaidi nyuma ya ule mwamba wa saruji kuliko mbele yake. Nimeingia kwenye vyumba vya namna hiyo nyuma ya mandhari ya kupendeza sana, nikakuta sakafu ya zege, taa nyeupe, ubao mmoja wa kulalia na mwangwi wa milango ya chuma. Pesa zote zilikwenda mbele. Gorila, sokwe, bonobo na orangutani, wote hujenga kiota kipya kila jioni. Ni desturi yao ya kila siku maisha yote. Chumba kisicho na majani wala matawi ya kujengea kiota kinawanyima jambo hilo kila usiku.

Usalama nitaupitia haraka, ingawa una uzito. Vizuizi vilivyofichwa vinampa mgeni picha safi, lakini vina gharama. Wanyama hawa hawaogelei, na wapo waliozama kwenye mahandaki ya maji. Mei 2016 huko Cincinnati, mtoto wa miaka mitatu alipenya uzio mfupi akaanguka kwenye handaki la gorila, na dume Harambe, mwenye miaka 17, akapigwa risasi na kufa. Baadaye uzio ulirefushwa na kuwekewa wavu. Rotterdam, mwaka 2007, dume Bokito aliruka handaki la maji akamjeruhi vibaya mama mmoja aliyezoea kuja kumtazama machoni. Kwa gorila, kukodolewa macho ni kutishwa. Uga wa wazi unaomweka mbele ya maelfu ya macho bila pa kujificha unamtisha kila siku, hata kama ukuta umefichwa vizuri. Hapa kizimba cha nyavu nacho kinaweza kukosea, kikiwa na watu pande zote nne. Chombo cha lazima kwa mitindo yote miwili ni pazia: ukuta, kichaka, gogo, kitu chochote cha kumkinga mnyama na sisi, na wao kwa wao wakigombana.

Najua utaniuliza kuhusu mwanao. Mtoto akiona sokwe kwenye chuma si atajifunza kwamba sokwe ni wa chuma? Hoja hiyo ni nzito kuliko zote za upande wa pili, na siipuuzi. Huyo huyo Steve Ross alionyesha kwamba watu wakiona picha ya sokwe aliyesimama na binadamu, wanaelekea zaidi kudhani kwamba sokwe porini ni wengi na wako salama. Tunachokiona pembeni ya mnyama kinatufundisha kimyakimya. Mgeni wa Hannover anayemwona gorila kati ya majani huenda akaondoka akijua kwamba kuna msitu unaopaswa kubaki. Bustani ya Bronx, New York, ilipofungua msitu wake wa Kongo mwaka 1999, iliweka ada ya kiingilio iliyokwenda kwenye uhifadhi wa Afrika ya Kati, na pesa hizo zilifika kweli. Kwa hiyo sisemi mandhari ni anasa. Nasema yaje baada ya kazi. Kwanza kamba, kimo, chakula cha kutafutwa, kiota na pa kujificha. Zikibaki pesa, panda mianzi upande wa wageni, ambako hakuna atakayeichuna.

Umeuliza kuhusu serikali. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 kuhusu bustani za wanyama linadai mnyama awekwe katika hali inayotimiza mahitaji ya kibiolojia ya spishi yake, na Ujerumani ina mwongozo wa mwaka 2014 wa vipimo vya chini kwa mamalia. Sheria haidai maporomoko ya maji. Inadai mahitaji. Nadhani imesema sawa, na pa kuibana ni kwenye ukaguzi wa vyumba vya nyuma.

Nikutoe Ulaya kidogo nikulete kwetu, maana sisi tuna ushahidi ambao hauko kwingine. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwachukua sokwe 17 waliokuwa kwenye bustani na maonyesho ya Ulaya, wakawaachia kwenye kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi, lakini baadhi yao walikuwa wamekaa kifungoni miaka mingi. Hakuna aliyewafundisha. Haikuchukua muda mrefu wakaanza kula matunda ya kisiwani na kujenga viota mitini. Madume mawili yaliyoshambulia watu yalipigwa risasi, na jambo hilo nalo ni sehemu ya historia yake. Lakini uzao wao uko Rubondo mpaka leo. Nikiambiwa kwamba sokwe wa bustani "amesahau", nakumbuka hao. Mikono haikusahau. Ilikosa cha kushika.

Kisha angalia Ngamba, kisiwa kilicho kilomita kama 23 kutoka Entebbe, kinachowatunza sokwe yatima tangu mwaka 1998. Msitu wake ni halisi kabisa, takriban ekari 100. Hata hivyo ekari hizo haziwezi kulisha sokwe hamsini, kwa hiyo wanapelekewa chakula mara kadhaa kwa siku. Na jioni kuna jengo la chuma, lenye vitanda vya kuning'inia. Wengi wanarudi wenyewe kulala humo. Wachache wanabaki mitini, na wanaachwa. Kwenye hifadhi ya Sweetwaters, karibu na Nanyuki, sokwe waliookolewa kutoka Burundi wakati wa vita iliyoanza 1993 wanaishi nyuma ya uzio wa umeme, kwenye nyika ya migunga isiyofanana na msitu wowote wa sokwe, nchini Kenya ambako sokwe hawakuwahi kuwa wenyeji. Mandhari si yao. Nafasi, wenzao na kazi ya siku ni vyao.

Kwa hiyo, Rehema, rudi na mwanao kwenye ile bustani ya pili. Usiende mchana; nenda saa moja kabla hawajafunga, mkae mahali pamoja bila kuhamahama. Mwambie achague sokwe mmoja amfuate kwa macho, aone mikono yake inafanya nini. Ikifika jioni huenda mkamwona anakusanya majani makavu kwa viganja, anayavuta chini yake, anayazungusha na kuyakandamiza kwa mguu, kisha analala chali na kuweka mkono kichwani. Hivyo ndivyo anavyotandika ndugu yake wa Mahale jioni hiyohiyo, juu ya mti. Halafu iandikie ile bustani ya kwanza barua ya heshima, uwaulize gorila wao hulala wapi na kwa saa ngapi, na kama mnaweza kupaona. Wakikujibu, nitumie na mimi nisome.